Nahodha wa Benchi

Siku niliyokwenda kumwomba ajiunge na timu yetu, nilimkuta amepiga magoti chini ya meza ya kibanda chake, kando ya barabara ya Lucky Summer, akitafuta kiatu cha mguu wa kushoto. Kilichoonekana kwangu kilikuwa mgongo tu, mgongo mrefu usiokwisha, na nyayo mbili zilizojitokeza hadi njiani kiasi cha kuwafanya wapita njia wazikwepe. Mteja wake alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia nguzo ya kibanda.

"Hujambo dada," nikasema.

"Ngoja," sauti ikajibu kutoka chini ya meza. "Watu wawili kwa mara moja siwezi."

Nikangoja. Kiatu kikapatikana, mteja akakivaa, akazunguka nacho kidogo, akatabasamu kama mtu aliyesamehewa. Kibandani pale hapakuuzwa viatu vya kila mtu. Paliuzwa viatu vya mitumba vya wanawake wenye miguu mikubwa, basi. Wanawake walitoka Kayole, Kariobangi, hata ng'ambo ya mji, wakaja kumtafuta yeye kwa sababu kwingine kote walikuwa wameambiwa wajaribu upande wa wanaume. Yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa hivyo tangu msichana, na nadhani ndiyo sababu aliifungua biashara ile.

Mimi ni kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, hapa Jericho, kwenye ule uwanja wa saruji ulio nyuma ya ukumbi wa mtaa. Wakati ule tulikuwa na wachezaji watano hodari na nyuma yao hapakuwa na kitu. Robo tatu za mechi tulikuwa tukicheza kama malkia. Robo ya nne ikifika, wale watano wamechoka, nikigeuka kutazama benchi naona watoto wanaotetemeka. Mechi baada ya mechi tulikuwa tukiongoza kisha tunashindwa. Msimu ulikuwa umefika katikati, na tulikuwa tunaelekea kushushwa daraja.

Yeye alikuwa ameacha kucheza kitambo. Nilipokuwa msichana nilimwona akichezea timu ya taifa, akiwa nahodha, na nilirudi nyumbani nikitembea kama yeye, mabega nyuma, hadi mama akaniuliza kama shingo inauma. Sitamtaja jina. Waliomwona akicheza wanamjua, na wasiomwona hawatasaidiwa na jina. Sisi tulimwita Nahodha, na hapa nitamwita vivyo hivyo.

Nilipomweleza shida yangu alicheka sana.

"Kocha, mimi ni mama mzima. Nina goti moja zima na lingine la kuazima."

"Nahitaji dakika chache tu mwishoni mwa mechi."

"Unajua maishani mwangu sijawahi kukaa benchi?"

"Najua."

"Na unakuja kuniambia nikakae."

Nikamwambia ukweli, kwamba wasichana wangu wa akiba hawajui kungoja, kwamba wakiitwa wanaingia uwanjani kama watu walioamshwa na moto. Alipanga viatu vyake mezani, cha kulia na cha kushoto. Kisha akanipa masharti. Hataanza mechi hata moja. Hatapigwa picha ya kubandikwa ukutani. Na mtu yeyote akimwita lejendi, yeye atachukua begi lake aende nyumbani.

"Mbona hivyo?" nikauliza.

"Hilo neno huitwa mtu ambaye watu wameshamaliza naye," akasema.

Mwenyekiti wetu hakuyapenda masharti hayo. Kwake yeye, kusajili nyota mzee maana yake ni kuuza nyota mzee: picha, kelele, watu wajae. Alitaka aanze kila mechi, hata kama ni kwa dakika moja, watu wamwone. Nahodha alimsikiliza kwa adabu, akiwa amemwinamia kidogo kama alivyowainamia watu wote, kisha akasema, "Mwenyekiti, mimi nimeletwa kuongeza nguvu benchi. Wewe unataka kunifanya pazia la mapambo."

Urefu wake ndio ulikuwa mzaha wa kwanza wa kila mtu na adui yake wa kila siku. Milango, nyaya za nguo, mabango ya vinyozi, vyote vilimgonga kwenye paji la uso, naye alikuwa na alama ndogo pale juu ya jicho. Lakini mwanamke huyo huyo, aliyekuwa akiwasukuma watu chini ya kikapu mpaka wakapoteza mwelekeo, aliogopa mbuzi. Siku moja tulipokuwa tukikimbia mazoezi ya pumzi nikawapitisha wasichana Kiamaiko, karibu na soko la mbuzi. Beberu mmoja alikuwa amekatika kamba, amesimama katikati ya njia akitafuna karatasi. Nikageuka, Nahodha hayupo. Alikuwa amejibana nyuma ya mkokoteni, mkono kifuani.

"Kocha, mwambie huyo aondoke."

"Nimwambie nani?"

"Huyo! Huyo mwenye ndevu!"

Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Ndiyo siku waliyoacha kumwogopa, nafikiri. Kabla ya hapo walikuwa wakimwita Shosho, yaani bibi, kisirisiri, na alikuwa akisikia. Baada ya Kiamaiko waliendelea kumwita Shosho, ila sasa mbele yake, naye akawa anaitika.

Hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya jambo zuri uwanjani angekutazama tu, akatikisa kichwa mara moja, na hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yako ya wiki nzima. Ukikosea alikuwa na maneno mengi. Mlinzi aliyerudi nyuma akikimbia pole pole aliulizwa kama anasindikiza wageni. Aliyerusha mpira bila kuangalia aliulizwa kama amemtumia shangazi yake. Alizungumza na marefa kwa sauti ya upole kabisa, akiwaita "mwanangu", na marefa walimchukia kwa hilo kuliko kama angewatukana. Jumapili alikuwa kanisani asubuhi na mapema, kitambaa cheupe kichwani, anaimba sauti ya chini pamoja na akina mama wenzake wa kutoka magharibi mwa nchi. Mchana yuko kwenye benchi letu anamnong'oneza mpinzani anayepita, "Mama, hiyo viatu imekubana, naona unavyotembea." Mpinzani anaangalia viatu vyake, mpira unampita. Nilimuuliza kama hiyo si dhambi. Alifikiri kwa makini, akasema kwamba mara nyingi huwa vimewabana kweli.

Kuhusu umri wake alidanganya waziwazi na kwa furaha. Kila aliyemuuliza alipata jibu tofauti, na mara moja nilimsikia akimwambia mchezaji wa timu nyingine kwamba yeye bado anangoja meno ya mwisho kuota.

Benchi letu kabla yake lilikuwa mahali pa adhabu. Wasichana walikaa wakiwa wamenuna, simu mkononi, makoti yamevaliwa mpaka kidevuni. Yeye alilibadilisha bila kutangaza lolote. Siku ya kwanza alikaa katikati, si mwisho ambako kuna nafasi ya kunyoosha miguu, na akaanza kuuliza maswali. Yule wa jezi ya bluu anapenda kwenda upande gani? Nani amechoka? Nani anapumua kwa mdomo? Asiyejua alijibiwa, "Basi ulikuwa unaangalia nini?" Baada ya muda wakaanza kubishana wenyewe, huyu anasema yule anapenda kushoto, yule anasema hapana, anadanganya na kushoto. Nikawa nawasikia nyuma yangu kama watu walio sokoni. Nikimwita mmoja aingie, anainuka akiwa tayari anajua anakwenda kumkaba nani na vipi.

Alikuja na chupa kubwa ya uji na vikombe vya plastiki, akawapa kabla ya mechi. Nekesa, mmoja wa wale wa akiba, alifanya kazi ya kibarua katika kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo, na mara nyingi alifika akikimbia, jasho tayari, sare ya kazi bado mwilini. Nahodha alimwekea nafasi kwa kuweka begi lake juu ya benchi. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Nekesa alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye miguu ya upepo na mikono iliyomtetemeka akiona kikapu.

"Unaogopa nini?" nilimsikia Nahodha akimuuliza siku moja.

"Kukosa."

"Mimi nimekosa mara nyingi kuliko ulizowahi wewe kurusha. Na bado nakula na kulala."

Aliyekuwa mgumu ni Mideva. Huyo ndiye alikuwa nahodha wetu halisi, kijana, mrefu, senta wa chini ya kikapu kama Nahodha alivyokuwa. Kwa haki kabisa jina lile lilimkera. Siku ya pili tu ya mazoezi aliuliza mbele ya wote, mikono kiunoni, "Sasa manze, nahodha ni nani hapa?"

"Ni wewe," yule mama akajibu. "Mimi hilo limebaki kuwa jina tu. Kuna watu wanaitwa Rehema na hawana huruma."

Wenzake walicheka, Mideva hakucheka. Alikuwa na kipaji kikubwa na tatizo moja: mikono. Kila mpinzani aliyemkaribia alimgusa, na kila akigusa refa anapuliza. Mechi nyingi alitolewa kwa faulo kabla hazijaisha. Nahodha alijaribu kumfundisha kulinda kwa miguu na kifua, mikono hewani. "Inua kama mtu aliyepatikana na polisi," alimwambia. Mideva alimjibu kwamba zamani mchezo ulikuwa wa pole, siku hizi ni nguvu. Nahodha akatikisa kichwa, akaenda kukaa.

Mechi moja Mideva alitolewa tena kwa faulo, akaja kukaa, akajifunika taulo uso mzima. Nahodha alinyoosha mkono akaliondoa.

"Ukijifunika utaona aje vile wanatufunga?"

Mideva alisimama, akaenda kukaa peke yake ncha ya benchi, akampa mgongo mpaka filimbi ya mwisho. Jioni hiyo nilimwambia Nahodha kwamba alikuwa amemwonea. Hakubisha. Alisema tu, "Mimi hakuna mtu aliyewahi kuniondolea taulo," na hakueleza zaidi.

Kisha dada yake Mideva akawa anaolewa. Wasichana walikuwa wakizungumza juu ya nguo za sare, kitambaa rangi gani, na Mideva akasema kwa sauti ya kutojali kwamba yeye atavaa raba chini ya gauni kwa sababu hakuna mtu atakayetazama chini. Walicheka. Nahodha alikuwa akifunga bandeji gotini, hata hakuinua uso.

Wiki iliyofuata alikuja na mfuko wa karatasi, akauangusha miguuni pa Mideva kama mtu anayetupa takataka, akaendelea na safari yake. Ndani kulikuwa na viatu vya kike, rangi ya zambarau iliyokolea, kisigino kifupi, kamba nyembamba ya kufunga kwenye kifundo. Vilikuwa vimepigwa rangi na kung'arishwa hadi huwezi kujua vilishavaliwa. Mideva alivitazama muda mrefu. Akavua raba, akavua soksi, akaingiza mguu mmoja. Ukaingia wote. Mpaka leo sijui Nahodha alijuaje kipimo, labda kwa kutazama tu, ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Tembea tuone, basi," mmoja akasema.

Mideva akatembea kwenye saruji, kutoka mstari mmoja hadi mwingine, akiwa na kaptula ya mazoezi na viatu vya harusi, amejikunja mabega, anatazama chini. Wasichana wakapiga makofi.

"Usitembee kama unaomba msamaha," Nahodha akapaza sauti kutoka upande wa pili.

Mideva akasimama. Akanyoosha mgongo. Akarudi akitembea kichwa kimeinuka, na machozi yalikuwa yanamtoka wazi bila yeye kuyafuta. Hakusema asante siku hiyo. Lakini mazoezi yaliyofuata nilimwona amesimama chini ya kikapu, mikono juu hewani, na yule mama nyuma yake akimsukuma kwa nyonga huku akisema, "Usiishushe. Usiishushe. Hata nikikukasirisha, usiishushe."

Tulianza kushinda. Si zote. Tulikuwa tumechelewa sana kuanza, na mechi ya mwisho ya msimu ikatukuta tukihitaji ushindi ili tubaki ligi ya juu. Wapinzani walikuwa timu ya chuo kimoja cha mjini, wasichana wenye afya na sare mpya. Uwanja wetu ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta wa ukumbi. Mwenyekiti alikuwa amevaa suti.

Mideva alicheza mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akicheza. Mikono juu, miguu chini, na bado katika robo ya nne refa akamwona amemgusa mtu ambaye mimi naapa hakumgusa. Ilikuwa faulo yake ya tano, ya kumtoa. Alikuja benchi akilia. Hakujifunika. Alikaa pale pale katikati, mahali ambapo Nahodha alikuwa ameinuka, kwa maana Nahodha alikuwa tayari anavua fulana ya juu.

Watu walisimama. Wazee waliomkumbuka waliita jina lake, lile jina halisi, na vijana wasiomjua wakaliita pia. Yeye hakutazama upande wowote. Aliingia akitembea, si kukimbia, akasimama chini ya kikapu, na wale wasichana wa chuo, warefu na wepesi, wakagundua kwamba hawawezi kumwondoa pale. Walimrukia, aliwaacha waruke. Wakishuka, mpira uko mikononi mwake. Alifunga kwa mkono wa kushoto bila kuruka. Akampa Nekesa pasi ya nyuma iliyomfanya Nekesa mwenyewe ashangae. Tulikuwa nyuma kwa pointi nyingi, tukawakaribia, hadi kikabaki kikapu kimoja tu tuwapite.

Hapo aliruka. Sijui kwa nini aliruka, hakuwa ameruka msimu mzima. Aliudaka mpira hewani, akatua, nami niliona goti likienda mahali ambapo goti haliendi. Hakuanguka. Alimpa mwenzake mpira, akanitazama, akaligusa goti, kisha akaashiria benchi kwa kidole. Kule alikuwa ameketi Nekesa, niliyekuwa nimemtoa dakika chache nyuma apumue, na ndiye pekee aliyebaki na nguvu.

Niliomba muda. Mwenyekiti alikuwa amefika karibu nami, anapaza sauti, "Muache! Kocha, muache huyo huyo!" Umati ulikuwa unaimba jina. Nahodha alikuja akichechemea, akaniinamia.

"Mtoe huyu mama," akasema, kama anayezungumzia mtu mwingine.

"Watu wanakutaka wewe."

"Wanamtaka yule wa zamani. Mguu haupo. Nekesa yupo."

Kisha akamgeukia Nekesa, akamshika mabega yote mawili. "Mpira ukikufikia na uko wazi, rusha. Usitafute mtu mwingine wa kumpa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia kweli?"

"Nimesikia, mathe."

Mpira ulimfikia. Alikuwa wazi. Mikono haikutetemeka, nami nilikuwa karibu kiasi cha kuona. Alirusha vizuri, mpira ukapanda, ukashuka kwenye chuma cha kikapu, ukazunguka, ukazunguka tena, ukatoka nje. Filimbi ikalia. Tulikuwa tumeshuka daraja.

Nekesa alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mwenyekiti alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Angebaki yule mzoefu tungeshinda." Nahodha alikuwa anavuka uwanja kwa mguu mmoja na nusu. Alipompita alisimama.

"Mimi ndiye nilimtuma," akamwambia. "Kama unatafuta wa kulaumu, anza na mrefu."

Alifika kwa Nekesa. Kukaa chini kulimchukua muda, ilibidi ajishike kwa mikono, akanyoosha mguu mbovu kwenye saruji, akakaa naye. Mimi nilikuwa nimefika nyuma yao. Nilimsikia akisema, "Ulijipanga vizuri. Ningekuwa mimi ningerusha vilevile." Nekesa alilaza kichwa kwenye bega lake. Mideva akaja akakaa upande wa pili. Kisha wakaja wengine mmoja mmoja, na timu ya chuo ikasherehekea peke yake kule ng'ambo huku timu yangu yote imekaa sakafuni, imemzunguka.

Nilijua kwamba hatarudi. Kila mtu alijua. Nani aliyewahi kuchezea taifa angekwenda kukaa benchi katika ligi ya chini, kwenye viwanja visivyo na nyavu, na goti lile? Msimu mpya ulipoanza nilifika mazoezini mapema nikiwa na huzuni zangu. Alikuwa ameshafika. Chupa ya uji ilikuwa kando, goti limefungwa nene.

"Ligi ya chini ina benchi ama haina?" akaniuliza.

"Lipo."

"Haya. Tuanze."

Msimu huo aliingia uwanjani mara chache mno, na hakuna mechi aliyotuokoa. Lakini Nekesa alianza kurusha, na kukosa, na kurusha, hadi nikamtoa kwenye akiba nikamweka miongoni mwa watano wa kwanza. Nahodha alilalamika kwamba nimemharibia benchi lake. Hatukurudi ligi ya juu mwaka huo. Tulirudi mwaka uliofuata, na wakati huo yeye alikuwa ameshaacha kabisa, goti limekataa hata ngazi za kanisa. Mideva ndiye aliyempigia simu kumwambia tumepanda. Alisikiliza, akauliza nani alikabwa na nani, akauliza kama walikunywa kitu kabla ya mechi, akakata.

Mwaka huu nilisikia amefanyiwa upasuaji wa goti, anakaa kwa binti yake mtaani Tassia, kwenye moja ya yale maghorofa yanayotazamana hadi unaweza kumpokeza jirani chumvi kupitia dirishani. Nilikwenda mchana wa Jumamosi. Binti yake alinifungulia, akaninong'oneza kwamba mama hataki kusaidiwa, anagombana na daktari wa mazoezi, anagombana na fimbo.

Nilimkuta kwenye kochi. Sikuwa nimewahi kumwona amekonda vile. Miguu ilikuwa imefika upande wa pili wa chumba kama zamani, ila mabega yalikuwa yameingia ndani, na nilipomsalimu ilibidi mimi niiname.

"Umekuja kunisajili tena?" akasema.

"Tuna nafasi."

"Waambie nasubiri meno."

Alitaka jua. Chumba kile hakikuwa na jua, jua lilikuwa juu ya paa kwenye kamba za nguo. Binti akasema haiwezekani, ngazi ni nyingi. Mama akasimama. Tukapanda, yeye mbele na mimi nyuma, anashika ukuta, anapumzika kila mahali ngazi zinapogeuka. Watoto walitupita wakikimbia juu, wakatupita tena wakikimbia chini. Hakutaka nimguse.

Juu kulikuwa na mashuka yaliyoanikwa na upepo. Tulikaa kwenye ndoo mbili zilizofudikizwa, tukaangalia paa za mtaa wa Pipeline na ndege iliyokuwa ikishuka kuelekea uwanja wa ndege. Alifumba macho, akaacha jua limpige usoni.

"Unajua kwa nini nilikubali siku ile?" akaniuliza.

"Nilikusumbua."

"Hiyo pia," akasema. "Kocha, mimi nilicheza miaka mingi sana. Watu wote walinijua, na mimi simjui hata mmoja. Mechi ikiisha nachukua begi naenda. Wale niliocheza nao taifa, leo ukiniuliza watoto wao wanaitwa nani, sijui. Ukiniuliza nani alikuwa analia usiku kambini, sijui. Nilikuwa mbele, unaona? Nilikuwa mbele tu." Alifungua macho. "Kwenu nilijua mpaka nani hali vitunguu."

Nikamwambia Mideva amepata mtoto wa kike, mrefu tangu siku ya kwanza, hadi wauguzi wakashangaa. Alicheka kwa furaha, akataka kujua jina, nikamtajia, akalirudia mara mbili kwa sauti ndogo ili asilisahau.

Jua lilipoanza kuhama tukasimama tushuke. Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Kwenye ngazi ya kwanza alisimama, akatazama chini kwa muda. Jirani mmoja aliyekuwa akipanda na mtungi wa maji begani alitua mzigo wake, akajibana ukutani atupishe.

"Nishike mkono," Nahodha akaniambia.

"Utaanguka?"

"Sianguki. Nishike tu."

Nikamshika.